Ukuta wa Chumba cha Mtoto Unapoleta Shida: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Kabla ya kununua kopo jingine la rangi, piga magoti. Ukuta wa chumba cha mtoto haukaguliwi ukiwa umesimama mlangoni, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaishi chini ya kiuno chako. Zima taa, chukua tochi, ilaze ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Ganda la rangi lililoinuka litatoa kivuli, vivyo hivyo ncha ya stika iliyoachia na kichwa cha msumari uliochomoza kidogo. Kila unachokiona, kivute kwa kucha. Kikija mkononi mwako, kitakuja na mkononi mwa mtoto, na kutoka hapo ni mdomoni.

Kisha msimamishe mtoto juu ya godoro, mnyooshe mkono, weka alama ya penseli pale vidole vinapoishia, na uongeze sentimita 30 juu yake. Sehemu ya ukuta iliyo chini ya mstari huo iwe na vitu vilivyopakwa au kubandikwa vikashika kweli, basi. Vya kutundikwa vikae juu. Mstari huu usogezwe kila miezi michache, kwa kuwa mtoto hakui kwa kutoa taarifa.

Matatizo yafuatayo yanaanza na yale yanayoweza kumdhuru mtoto. Ya urembo mtupu yako mwishoni.

Rangi inabanduka, au inaacha unga mkononi

Watu huzitibu hizi kama dalili moja, lakini ni mbili. Pitisha kitambaa cheusi ukutani. Kikitoka na unga, rangi haina kinachoishikilia: ama ni chokaa, ama ni rangi ya maji iliyozidishiwa maji ili kopo litoshe. Lita 1 hupaka takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za kimo cha mita 2.5 kina eneo la karibu mita za mraba 27 ukishatoa mlango na dirisha, kwa hiyo matabaka mawili yanataka lita 5 hivi. Aliyemaliza kwa lita 3 amepaka maji. Dawa yake: lowesha na ukwangue chokaa yote inayoachia, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukuta ukauke, paka praima (tabaka la msingi linalotangulia rangi) ya kufunga vinyweleo vya ukuta, ndipo upake matabaka mawili ya rangi bila kuichakachua. Kupaka rangi mpya moja kwa moja juu ya unga ni kupaka juu ya vumbi. Itashuka na vumbi lake.

Ikiwa inatoka kwa maganda, okota ganda moja, ligeuze na uangalie mgongo wake. Jibu liko pale.

- Mgongo una mchanga au puti (ile ya kusawazishia ukuta) iliyong'ang'ania: tatizo si rangi, ni lipu iliyolegea au ukuta wenye unyevu. Nenda kwenye sehemu ya unyevu hapa chini kabla ya kupaka chochote.
- Mgongo ni safi na laini: rangi ya maji imepakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kupigwa msasa. Haikupata pa kushika. Hapa ukuta husafishwa kwa maji ya sabuni, hukwaruzwa kwa msasa namba 120 hadi mng'ao upotee, kisha hupakwa praima inayoshika juu ya rangi ya mafuta.
- Mgongo una matabaka ya rangi mbalimbali, moja juu ya jingine kama kurasa: ni rangi ya zamani. Simama hapo. Usipige msasa.

Rangi ya zamani ndiyo inayobeba madini ya risasi. Risasi ilitiwa ili rangi ikauke upesi na idumu, na hasa ili manjano, rangi ya chungwa na nyekundu zikolee. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini nchi nyingine zilichelewa miongo kadhaa, hivyo umri wa nyumba peke yake si uthibitisho wa usalama. Nchi nyingi zilizotunga sheria zimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, na kopo jipya linalofaa chumba cha mtoto huandikwa wazi kwamba halina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hahitaji kula ganda zima. Vumbi la sakafuni linaloshikwa na kiganja chenye mate linatosha, na huathiri ubongo unaokua bila kuonyesha dalili ya haraka.

Vijiti vya kupimia risasi hubadilika rangi vikiigusa, ila vinasoma tabaka unalolisugua tu. Kata mkato wa mshazari hadi kwenye lipu ili matabaka yote yaonekane, ndipo usugue. Jibu la uhakika zaidi hutoka maabara, kwa kupeleka maganda yenyewe.

Kama rangi hiyo ni nzima na haijapasuka, usiiondoe. Ioshe, paka praima na rangi mpya juu yake, uifungie humo. Kama inabanduka, mtoto na mjamzito wahame chumba hicho, na kazi ikipata fundi aliyefunzwa kazi ya risasi ndiyo bora. Kukwangua kukavu, mashine ya msasa na moto wa kuunguza rangi ni makosa makubwa: viwili vya kwanza huigeuza rangi kuwa vumbi, cha tatu kuwa moshi wa kuvutwa. Sehemu ndogo inayobidi kuguswa hunyunyiziwa maji kwanza, plastiki nzito ikiwa imetandikwa sakafuni na kingo zake kubandikwa kwa tepu, na anayekwangua akiwa amevaa barakoa ya kuzuia chembe, N95 au zaidi. Baada ya hapo futa kwa vitambaa vibichi vyenye sabuni na uvitupe. Ufagio na kifyonza vumbi cha kawaida huirusha risasi hewani tena. Usisahau fremu ya dirisha: kila inapofunguliwa na kufungwa rangi husagana, na unga wake hudondokea mahali ambapo mtoto hupenda kushika akichungulia nje. Ikiwa mtoto tayari amekaa katika vumbi hilo, apelekwe apimwe damu.

Harufu haiishi, mtoto anaamka na macho mekundu au anakohoa

Nusa vizuri kabla ya kulaumu. Harufu kali inayokaribia ya petroli au tina ya kuyeyushia rangi ni ya rangi ya mafuta au vanishi. Harufu ya chachu au ya kitu kilichooza, kutoka kwenye rangi ya maji iliyokaa kopo wazi kwa miezi, ni ya bakteria. Rangi hiyo iliharibika kabla haijafika ukutani. Harufu ya plastiki mpya ni ya karatasi za ukutani za vinyl au paneli za sponji za kubandika. Na harufu ya udongo mbichi au nguo zilizofungiwa na maji ni kuvu, hata kama hulioni doa lolote.

Rangi ya mafuta kwenye kuta za chumba cha mtoto ni uamuzi mbaya, hata kama husafishika kirahisi. Kuna rangi za maji zinazosafishika vilevile. Zaidi ya hapo, mara nyingi harufu huganda kwa sababu ya haraka: tabaka la pili limepakwa kabla ya la kwanza kukauka, likafungia kemikali chini yake. Rangi ya maji huweza kuguswa baada ya saa 1 au 2, tabaka la pili huingia baada ya saa 4 hivi, lakini kukomaa kabisa huchukua wiki 2 hadi 4. Rangi ya mafuta husubiri kati ya saa 16 na 24 kabla ya tabaka la pili. Siku za baridi na mvua, ongeza muda.

Fungua dirisha na mlango ulio mkabala nalo, weka feni dirishani ikielekea nje ili ivute hewa ya chumbani na kuitoa. Feni inayopuliza ndani huisukuma harufu iingie vyumba vingine. Mtoto alale kwingine angalau usiku 2 au 3 kwa rangi ya maji, na kwa rangi ya mafuta mpaka harufu iishe kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki. Bakuli la maji, kitunguu kilichokatwa au mkaa kwenye sahani haviondoi chanzo. Dirisha huondoa.

Soma kopo. Maneno "haina harufu" hayana maana sawa na "kemikali chache". Na rangi ya nje ya nyumba isiingie chumbani, hata kama imebaki nusu kopo na rangi yake inapendeza: mara nyingi ina dawa za kuzuia kuvu ambazo hazikukusudiwa kuvutwa usiku kucha. Rangi ya maji iliyoharibika haitibiki kwa kupeperusha. Chumba kikikauka bado kinanuka, funga ukuta kwa praima ya kuzuia harufu na upake upya.

Madoa meusi, mapovu, au unga mweupe kama chumvi

Unga mweupe unaong'aa kidogo, unaorudi kila ukiufuta, ni chumvi ya ndani ya saruji inayosukumwa nje na maji. Lipu mpya ya saruji hutaka karibu siku 28 kabla ya rangi. Ikipakwa wiki ya pili, hutoa chumvi na kuichoma rangi hadi ifubae kwa mabaka. Chumvi isafishwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji, huyeyuka na kurudi ndani. Ukuta mpya ukishakauka, tabaka la kwanza ni rangi ya maji iliyopunguzwa, sehemu 4 za rangi kwa 1 ya maji, ili izame. Hapo tu ndipo maji huruhusiwa.

Kwa madoa meusi, yaani kuvu, na kwa mapovu ya rangi, tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kugusa brashi. Bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote nne kwa tepu, subiri siku 1 hadi 2. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe: bomba, paa, au unyevu unaopanda kutoka msingini. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa pumzi na nguo mbichi unaoganda kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni hewa.

Kuvu hupenda nyuma ya kitanda na kabati. Kivute kitanda. Lakini hapa kuna mtego: pengo la sentimita chache kati ya godoro na ukuta linatosha mwili wa mtoto kuteleza na kichwa kukwama. Kitanda ama kibane ukutani pasiwe na nafasi, ama kikae sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Palipo na kuvu, chagua la pili.

Eneo lisilozidi mita 1 ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe kwa glavu, miwani, barakoa, maji ya sabuni na brashi ngumu, kisha ulikaushe kabisa. Ukitumia dawa ya klorini, isizidi ml 240 kwa lita 4 za maji, na kamwe isichanganywe na siki wala dawa ya kusafishia yenye amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kupaka rangi juu ya kuvu hai ni kuifunika tu. Itatokeza tena ndani ya majuma. Karatasi ya ukutani ya vinyl juu ya ukuta wenye unyevu ni mbaya zaidi, maana hufungia maji na wewe huoni kinachoota nyuma yake.

Fremu imeanguka, rafu inacheza

Chomoa msumari uupime. Wa sentimita 2.5 umepita kwenye lipu ya sentimita 1.5, umebakiza sentimita 1 tu ndani ya tofali, na lipu haibebi kitu. Tumia skrubu ya sentimita 5 pamoja na kishikizo cha plastiki cha milimita 6, toboa kwa biti ya milimita 6, na uhakikishe angalau sentimita 3 ziko ndani ya tofali au zege. Tundu likipanuka na kutoa mchanga, usilisokote kwa kijiti cha kibiriti. Lizibe kwa puti na utoboe sentimita 5 kando. Kwenye ukuta wa jipsamu, gonga usikie: palipo wazi panataka vishikizo maalumu vinavyotanuka nyuma, palipojaa kuna mbao ya kushika skrubu.

Usitoboe wima au mlalo ulionyooka na swichi au soketi. Nyaya kwa kawaida hufuata njia hizo; acha sentimita 15 kila upande, na uzime umeme.

Juu ya kichwa cha mtoto hakuna fremu ya kioo wala rafu, hata ikiwa imefungwa na fundi bora. Weka mchoro wa rangi, karatasi, au turubai jepesi lisilo na fremu nzito. Kwingine, badilisha kioo kwa plastiki ngumu angavu na ufunge kila fremu kwa skrubu mbili ili isizunguke ikiguswa. Na picha nzuri juu ya kabati la droo ni mwaliko wa kupanda: mtoto hufungua droo, huzigeuza ngazi, na kabati humwangukia. Funga kabati ukutani kwa vyuma vya pembe hata kama unaona ni zito.

Mapambo ya kuning'inia na ya kuwaka

Vibendera vya kitambaa, shanga, utepe na mapazia ya kamba huonekana havina madhara kwa sababu ni vyepesi. Kamba yenye urefu wa zaidi ya sentimita 22 inatosha kuzunguka shingo ya mtoto mdogo. Ikiwa lazima vibendera viwepo, vikae juu ya mstari wako wa penseli, vibanwe ukutani kila sentimita 20 visifanye kitanzi, na visipite juu ya kitanda. Kamba za pazia ziishie mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni.

Taa za mapambo zina hatari yao. Ndogo nyingi hutumia betri bapa za duara, na betri hiyo ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2. Kasha la betri liwe na kifuniko kinachofungwa kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa kidole, taa hiyo haifai chumba hiki. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali mara moja, usimtapishe. Sumaku ndogo za ukuta wa sumaku vivyo hivyo: mbili zikimezwa hukutana zikibana utumbo katikati. Pini za kusukuma kwa dole gumba tunaziondoa bila mjadala.

Kwa vipande vingine, tumia kipimo rahisi: kikipita kwenye bomba la karatasi ya msalani, ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Stika zinabanduka, au zinaondoka na rangi

Ni shida mbili zinazotokana na kosa moja: kukosa subira. Stika iliyobandikwa siku ya tatu baada ya kupaka rangi haishiki, maana rangi bado inatoa unyevu. Au inashika kuliko rangi inavyoshika ukuta, na siku ya kuitoa inaibeba. Subiri wiki 3 hadi 4. Futa ukuta kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, si kwa maji ya sabuni yanayoacha utando, acha ukauke, kisha bandika ukisukuma kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya plastiki. Ukuta wenye chembechembe za mchanga hautashika stika yoyote, usipoteze pesa.

Kuitoa: ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa nusu dakika, inua kona, ivute polepole ikiwa imelala karibu na ukuta. Usiivute kwa kuielekeza kwako.

Paneli za sponji zenye sura ya matofali zinastahili onyo. Mtoto mwenye meno manne huzing'ata na kubandua vipande, hushika moto kwa urahisi, na nyuma yake unyevu hukaa. Chini ya mstari wa penseli zisiwepo.

Mengine ya macho tu

Mistari ya rangi imevujia chini ya tepu: baada ya kubandika tepu, paka ukingo wake kwa rangi ya chini kwanza, uache ukauke, ndipo upake rangi mpya, na utoe tepu rangi ikiwa bado mbichi.

Michoro ya kalamu za nta haitoki: rangi isiyong'aa kabisa hainyang'anywi doa bila kuacha alama. Jaribu magadi ya kuokea na maji kidogo, kwa kitambaa laini, mahali pasipoonekana. Kwa mara ijayo, sehemu ya chini hadi mita 1 ipakwe rangi ya maji yenye mng'ao hafifu.

Mtoto anaogopa ukuta usiku: lala kitandani kwake saa ya kulala, taa zikiwa kama zitakavyokuwa. Simba aliyechekesha mchana anaweza kubaki macho mawili meupe yanayoelea gizani, na fremu ikatupa kivuli kama mtu aliyesimama. Mara nyingi kuihamishia taa ndogo upande wa pili kunatosha. Isipotosha, mpake simba huyo kope zilizofumba.